Kiganja Chini ya Zulia

Hakuwa na salamu. Ungefika kwenye kiwanja chake pale Themi, ushuke garini na heshima zako zote, umwamkie, naye angekupita kama unavyoipita nguzo ya umeme. Angefungua mlango wa gari lako, apige goti, aingize kiganja chini ya zulia. Angekiacha humo kwa muda, macho ameyafumba, kisha akitoe akinuse. Baada ya hapo ndipo angekutazama, na mara nyingi alikutazama kama mtu aliyekukuta unaiba.

Mimi alinitazama hivyo siku ya kwanza tulipoonana, na sijamsamehe mpaka leo. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani naandika sifa za marehemu. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa hai, na kiburi chake kilikuwa hai zaidi yake.

Tulimwita Fundi, basi. Arusha ilikuwa na mafundi wa injini, wa rangi, wa umeme na wa springi, lakini yeye alikuwa na kazi moja tu, kutafuta mahali maji ya mvua yanapoingilia garini na kuyazuia. Injini hakuigusa. Siku moja gari liligoma kuwaka palepale kiwanjani kwake, nikamwomba achungulie plagi tu. Alinijibu bila kugeuka, "Hayo mambo ya moto. Mimi ni wa maji." Nilisukumwa na wapita njia mpaka barabarani huku yeye anakunywa chai.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo mtu alisubiri kibali cha gari mpaka mvi zinamwota. Ghafla milango ikafunguliwa, magari ya mtumba yakaingia kwa makundi kutoka Japani, mengine yamepitia Dubai, na kila penye uwazi kando ya barabara pakawa yadi. Mume wangu, Baba Aika, alikuwa akipeleka viazi Dar es Salaam na biashara ilikuwa imemnyookea. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Akheri, juu mlimani. Hatukuwa watu wa kutaka makuu. Tulinunua gari kwa sababu moja, kifua cha binti yetu Aika, aliyekuwa na miaka sita na pumu iliyomshika kila masika. Mvua zikikolea hakuna gari la abiria lililokubali kupanda kwetu, na mara mbili nilikuwa nimembeba mgongoni kushuka naye hadi barabara kuu huku namsikia anapiga miluzi kifuani. Mara ya pili niliapa kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Basi tukanunua saluni nyeupe yenye dirisha la kioo kwenye paa, sanrufu. Muuzaji alitufungulia milango ikanukia manukato. Viti vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Ukiniuliza leo nani alivivika, nitakuambia ni yeye mwenyewe, wiki ileile, maana gari lililokwisha kutembea Japani miaka minane haliwezi kufika Arusha na nailoni ya kiwandani. Lakini siku ile hatukuuliza. Nailoni ilikuwa heshima. Gari lililovuliwa nailoni lilikuwa limekwisha kuwa gari la kawaida, na wenye magari walikaa juu yake wakitokwa jasho mapajani mwaka mzima, sisi tukiwemo. Nikaongeza vitambaa vyangu vya kufuma nyuma ya viti, na juu ya zulia nikatandika zulia jingine, jekundu, ili la chini lisichafuke. Nikilikumbuka lile zulia jekundu natamani kujizaba kibao.

Nirudi kwa Fundi, maana hasira inanipeleka.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Swali lake la kwanza halikuwa maji yanatokea wapi. Aliuliza, "Nyumbani linalalaje?" Watu walidhani anatania. Alitaka umwonyeshe kwa mkono jinsi ardhi ya kwako ilivyoinama, na gari huwa umelielekeza wapi unapoliegesha. Kisha alichukua mawe na mbao akaliinua gari lako mpaka likakaa mlalo uleule. Alisema magari ya mlimani huvujia kwenye mlalo, na kwamba mafundi wa mjini wanayamwagia maji kwenye tambarare, hawaoni kitu, wanamrudishia mwenye gari na kumwita mwongo. Kwetu Akheri hakuna tambarare ya kutosha hata kuweka meza isiyochezacheza. Baba Aika alipenda kuliegesha gari pua ikitazama chini, kwenye barabara, ili aondoke kama mkubwa anayesubiriwa.

Gari likishalala vizuri, Fundi alipaka poda ya watoto kwenye maungio yote ya ndani, kwenye raba za milango, kwenye nguzo za kioo cha mbele, kwenye pembe za paa. Alipaka taratibu, kwa brashi ndogo, mtu huyuhuyu asiyejua kukwambia karibu. Halafu alikuingiza wewe mwenye gari ndani, akafunga milango na madirisha, akatoka kumwagilia paa kwa keni ya bustani, mvua nyembamba, hata saa nzima. Kazi yako ilikuwa kunyamaza na kutazama poda. Waliozungumza aliwagongea kioo. Naibu mkuu wa idara fulani aliwahi kuwasha redio humo ndani, Fundi akafungua mlango, akammwagia yeye mwenyewe maji yaliyobaki, akaondoka na baiskeli yake.

Ndiyo, baiskeli. Mtu aliyekausha magari ya mji mzima hakuwa na gari na hakulitaka. Masika yote alifika kazini amelowa chapachapa, kofia yake ya kufuma inachuruzika, akaingia kwenye gari la mtu kutafuta tone moja. Na nyumbani kwake kulivuja! Nilifika huko siku moja kumfuata, nikakuta mkewe amepanga beseni tatu sebuleni, matone yanalia kwa zamu. Nikamwuliza mke kwa nini asimwambie fundi wake. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, nimwambie nini? Anasema paa halina siri, kila mtu anaona linapovuja, kwa hiyo si kazi ya fundi."

Kuna wateja aliowapenda, lakini usingewatambua, kwa sababu nao aliwatukana. Hakupenda haraka, hakupenda silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, na alichukia nailoni kupita vyote. Silikoni aliiita makamasi. Akiikuta imepakwa penye kioo aliibandua kwa ukucha, akaiweka kwenye kiganja cha mwenye gari bila neno, ukabaki umeishika hujui uitupe wapi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Miezi michache baada ya kununua gari, tulianza kusikia uvundo. Manukato ya yadi yalikuwa yamekwisha. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kila tukipanda kurudi nyumbani nilisikia maji yakilia chwachwa chini ya miguu ya Aika kwenye kiti cha nyuma. Tukaenda Themi sote watatu. Fundi alipiga goti, kiganja kikazama chini ya mazulia yangu yote mawili, kikatoka kimelowa hadi kwenye kifundo. Akanusa.

"Nani anakaa hapa?" aliuliza.

"Mtoto," nilisema.

"Anakohoa?"

Nilishtuka. Nilimweleza kwamba ana pumu, na kwamba gari tulilinunua kwa ajili hiyohiyo, kumwahisha hospitali. Nilidhani atatuonea huruma. Alisimama, akamtazama Aika, akatutazama sisi.

"Huku chini kumeota kuvu kama mkate. Zulia linatoka, nailoni inatoka, viti vinatoka, vyote juani wiki moja. Halafu ndiyo nitafute maji."

Baba Aika alisema zulia sawa, lakini nailoni haitoki. Gari bado jipya.

"Jipya?" Fundi alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Maji yameingia chini, nailoni imeyafunika juu. Unyevu utoke wapi? Utokee puani kwa mtoto?"

"Fundi, nimekuja kuzibiwa tundu, sikuja kufundishwa kulea."

"Basi ukafundishwe na daktari."

Nami nikaingia. Nilimwambia hana adabu, kwamba anazungumza na watu wazima, kwamba mafundi wako wengi mjini. Nilisema kwa sauti niliyozoea kuitumia kwa darasa la watoto sabini. Watu wakasogea kutazama. Fundi aliuchukua ufunguo wetu juu ya boneti, akautupa chini mbele ya miguu ya mume wangu.

"Chukueni jeneza lenu," alisema.

Mbele ya mtoto. Mbele ya mtoto mgonjwa! Njiani Aika aliniuliza, "Mama, jeneza ni nini?" Nikamwambia ni sanduku. Akauliza sanduku la nini. Nikamwambia anyamaze, Mungu anisamehe.

Tulikwenda kwa fundi mwingine karibu na stendi, kijana mchangamfu, mwenye "shikamoo mama" na "karibuni viti". Alilimwagia gari maji kwenye tambarare, akalizunguka, na chini karibu na magurudumu akaona maji yanadondoka kwenye vitundu vidogo. "Hapa ndipo linapovuja," alisema kwa furaha. Akaviziba vyote vinne kwa silikoni. Akapaka nyingine kuzunguka kioo cha paa. Nailoni yetu hakuigusa hata kwa kidole. Tulimshukuru sana, na tulirudi nyumbani tukimcheka yule mzee wa Themi. Kwa kuwa vuli ilikatika mapema mwaka ule, tulimcheka hadi masika.

Masika ilianza kwa mvua ya siku tatu. Siku ya tatu, mchana, kifua cha Aika kikabana. Tulimweka kiti cha nyuma, mimi pembeni yake, Baba Aika akawasha gari. Tukafunga madirisha yote kwa sababu ya mvua. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya kwanza maji yalimwagika kutoka darini, si matone, maji ya kopo, meusi, yana majani yaliyooza ya mti wa grivilea wa uani kwetu, yakatushukia mabegani. Uvundo ukajaa humo ndani kiasi kwamba hata mimi mwenye mapafu mazima nilikabwa. Aika alikuwa amekaa juu ya nailoni yake, mdomo wazi, midomo inageuka rangi, kila pumzi anayovuta anaivuta kutoka mlemle.

Nikakumbuka lile neno la Fundi. Nilipiga kelele, "Simamisha!" Baba Aika akasema tutachelewa. Nikafungua mlango gari likitembea. Niliposhuka nilikuwa nimembeba Aika, mvua inatupiga usoni, matope hadi kwenye vifundo, nami nashuka naye mlima kama zamani, mara ile ya tatu niliyoapa haitakuwepo. Kule chini pikapu ya maziwa ilitusimamia, tukapanda nyuma pamoja na makopo, na hewa ya mvua, baridi lakini safi, ikampiga mwanangu mpaka hospitali. Walimwekea mashine. Jioni aliomba uji.

Wiki iliyofuata nililiendesha lile gari mwenyewe mpaka Themi. Baba Aika hakutaka kuja na sikumbembeleza. Nilimweleza Fundi kila kitu nikiwa nimesimama, hadi mahali niliposhuka na mtoto kwenye mvua. Nilingoja aseme, "Nilikwambia." Aliuliza, "Nyumbani linalalaje?"

Alilipandisha kwenye mawe, pua chini. Kisha akanipa wembe, akanionyesha viti. Nilikata nailoni yote kwa mikono yangu, kiti kwa kiti, na chini yake kitambaa kilikuwa na madoa ya kijani yenye manyoya. Nilitoa zulia jekundu. Nilitoa la chini, zito kama ng'ombe aliyelowa, nikaliburuta hadi juani, na katika kazi yote hiyo hakunisaidia hata kwa ncha ya kidole. Nilimchukia sana siku ile. Nilijichukia zaidi.

Halafu akaniweka ndani na poda, akamwagilia. "Wewe mwalimu," alisema kupitia kwenye kioo. "Soma." Nikasoma. Mstari mwembamba ulijichora kwenye poda, ukatoka pembe ya sanrufu, ukashuka ndani ya nguzo ya mbele, ukapotelea sakafuni. Alinieleza baadaye, kwa maneno machache, kwamba kioo cha paa hakikutengenezwa kuzuia maji. Maji yanaruhusiwa kupita pembeni yake, yanapokelewa na mfereji, na mfereji unayateremsha kwa vimirija vinne hadi kwenye vile vitundu vya chini karibu na magurudumu. Majani ya kwetu yalikuwa yameanza kuviziba. Yule kijana wa stendi alivimalizia. Alikuwa ameziba pa kutokea akidhani ni pa kuingilia, na sisi tukamshukuru.

Fundi alibandua makamasi, akachomeka mpira mwembamba kwenye kila kimirija, akapuliza kwa mdomo. Upepo wa mashine hakuutumia, alisema unachomoa kimirija kwenye kiungo chake huko ndani usikoona. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, uchafu ukarudi ukamwingia kinywani, akautema, akapuliza tena. Gari lile halikuvuja tena tangu siku hiyo mpaka tulipoliuza.

Ungedhani yaliishia hapo. Mwaka mmoja baadaye mzazi mmoja shuleni alinisimulia kwamba yuko mama mmoja jeuri, alimfungia mtoto wake na kuvu ndani ya nailoni hadi akakaribia kufa, Fundi wa maji anamsimulia kila mteja. Nilikwenda Themi siku hiyohiyo sijavua hata viatu vya darasani. Nilimwaga yote. Alinisikiliza akiwa amelala chini ya dashibodi ya mtu.

"Nimetaja jina?" aliuliza.

"Hujataja."

"Watu wameng'oa nailoni kwa ajili yako. Wewe ulitaka wang'oe kwa ajili ya nani?"

"Na lile neno ulilolisema mbele ya mtoto, utalifuta lini?"

Alirudia kazi yake chini ya dashibodi. Sikumwona tena kwa miaka kumi na mitano.

Aika alikua. Pumu haikumwacha, ila alijifunza kuishi nayo, akasoma, akapata kazi, akanunua gari lake la kwanza, la mtumba, lenye sanrufu. Unaweza kuamini? Nilimwambia chagua lolote lisilo na tundu juu, akacheka. Mvua ya pili ikaingia ndani. Mafundi watatu wakapaka silikoni. Nikamwambia twende, kama mzee yule bado yupo.

Alikuwepo, huko Lemara, nyumbani kwa mwanawe, kwenye kiti cha plastiki kibarazani. Alikuwa amekonda, na alipumua kwa mdomo. Aika alimwamkia, "Shikamoo, babu." Hakuitikia. Alijiinua kwa fimbo, akalifikia gari, akapiga goti kwa shida iliyonifanya nigeuze uso, kiganja kikaingia chini ya zulia. Akanusa.

"Mwalimu," alisema. Ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Alimtuma mwanawe alete mpira. Akauchomeka mwenyewe pembeni ya sanrufu, akauweka mdomoni, akapuliza. Hakikutoka kitu. Akapuliza tena, akashikwa na kikohozi kirefu hadi akaegemea mlango. Miaka yote ile ya kupuliza uchafu wa watu ilikuwa imemlipa hivyo. Mwanawe akasema kuna mashine ya upepo kwa jirani. Fundi alimtazama kwa jicho ambalo nililifahamu vizuri. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Wewe ndiye yule?"

"Ndiye mimi," alisema Aika, aliyeijua hadithi yote.

Akamnyoshea mpira. "Puliza."

"Hapulizi," nilisema. "Ana pumu."

"Sijakuuliza wewe."

Nilinyosha mkono niunyakue ule mpira, lakini Aika alikuwa amekwisha kuuchukua. Aliufuta kwa upindo wa blauzi, akapuliza.

"Unapoza uji?" Fundi alimfokea. "Acha mashavu. Toa tumboni."

Akapuliza tena. Akaacha, akakohoa mara moja, nikasogea. Fundi aliniinulia kiganja bila kunitazama, kiganja kilekile, bado kimelowa. Nikasimama. Aika alivuta hewa, ndefu, na mimi nilihesabu nayo kama nilivyohesabu maelfu ya pumzi zake, nikingoja mluzi. Haukuja. Alipuliza hadi uso ukamwiva. Kitu kikalia ndani ya nguzo, na chini karibu na gurudumu maji meusi yakamwagika na majani yake, yakatiririka hadi kwenye miguu yangu.

Aika alicheka, mkono kifuani. Fundi hakumsifu. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, akashusha pumzi, nami nikamfuata, maana hasira za miaka kumi na mitano zilikuwa zimefika mdomoni.

"Ulisema jeneza," nilimwambia. "Mbele yake. Nimekungoja ulifute."

"Nilisema," alijibu. Alimtazama Aika aliyekuwa anakunja ule mpira. "Na wewe ukamtoa humo."

Akanionyesha gari kwa fimbo, kama alivyonionyesha viti zamani, na mimi nikaenda nikapiga goti nikaanza kung'oa zulia.